Ukoka wa Mahame ya Babu

Wasomaji wapenzi, kama hamjapata kufika kwetu Bariadi, njia yake ni rahisi. Unatoka Mwanza kwa barabara ya lami iendayo Musoma, ziwa likiwa upande wako wa kushoto. Ukifika Lamadi unaliacha ziwa, unageuka kulia, na kutoka hapo unaingia katika nchi ya pamba. Unapita Dutwa, unapita Nyakabindi, na baada ya kilometa kama sabini umeingia mjini. Zamani tulikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, na mji umenenepa kweli: maduka, mabenki, na bodaboda zisizohesabika. Lakini leo sitaki kuwatembeza mjini. Nataka tutoke nje ya mji, twende tukatazame majani.

Najua wengine mtacheka na kusema karani wa parokia ameishiwa habari. Sivyo. Nisikilizeni kwanza, kwa maana majani haya nusura yatugombanishe ndugu wa tumbo moja.

Jambo lilianza kwa simu, mwisho wa mwezi wa Oktoba. Mdogo wangu alinipigia nikiwa ofisini, nimeinamia daftari la ubatizo. Akaniambia, "Kaka, Jumatatu trekta inakuja. Nataka kuilima ile ngitili yote, nipande pamba. Mama hataki. Njoo uzungumze naye." Mama naye akanipigia jioni ile ile: "Mwanangu, njoo uzungumze na mdogo wako." Basi Jumamosi asubuhi nikapanda pikipiki, nikaelekea nyumbani, kigango chetu kilicho upande wa Dutwa.

Kwa ajili ya wasomaji wa mikoa mingine, nieleze neno hili. Ngitili ni neno la Kisukuma. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, asiingie ng'ombe hata mmoja, nyasi zikue na kukaukia hapo hapo. Kiangazi kikikaza, kama mwezi wa Julai au Agosti, ndipo linafunguliwa, na mifugo hula kidogo kidogo mpaka mvua zirudi. Kwa namna nyingine, ni ghala la nyasi lisilo na paa. Zipo ngitili za kijiji kizima, na zipo za mtu na watoto wake. Ya kwetu ni ndogo, eka nne tu, aliyoitenga babu. Baba yetu aliitunza mpaka alipofariki.

Desturi hii ilikaribia kufa. Wakati wa wakoloni miti mingi ya Usukuma ilikatwa ili kumwondoa mbung'o; baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na kuhamia vijijini miaka ya 1970 kukawaacha wengi mbali na ngitili zao. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI kwa kifupi, na wilaya yetu ilikuwamo. Wakati ule ngitili zilizojulikana katika mkoa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Na hazikurudi kwa kupanda miche peke yake. Sehemu kubwa zilifungwa tu, zikaachwa zipumzike, na vilivyokuwa hai chini ya ardhi vikainuka vyenyewe. Shikeni neno hilo, "chini ya ardhi," kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Haya, tuendelee na safari. Nchi yetu ni ya mawimbi: kilima, mteremko, bonde, halafu kilima tena. Juu, karibu na mawe makubwa, kuna udongo wa kichanga tunaouita luseni. Ukishuka unakuta itogolo, ardhi ngumu inayolia kama sakafu ukiipiga jembe kiangazi. Bondeni ndiko kuliko mbuga, udongo mweusi unaonata masika hata ukakuvua kiatu, na kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, Geoffrey Milne, mwaka 1935 aliupa mfuatano wa namna hii jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo linafundishwa vyuoni mpaka leo. Bibi zetu walikuwa na majina yao kabla yake, lakini hawakuandika kitabu.

Nilipofika nilimkuta mama amekaa chini ya mwarobaini akichambua mboga. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akanipa maji, wala hakugusia neno la ngitili. Mdogo wangu alikuwa amekwisha tangulia huko. Nikamfuata.

Ngitili ile wakati wa Oktoba haipendezi macho. Ng'ombe wetu kumi na mmoja walikuwa wameila tangu Agosti. Nyasi ndefu zimebaki visiki vya kimo cha kiganja, rangi ya majivu. Lakini katikati yake pana mahali pamoja, pa mviringo, pana upana wa kama hatua arobaini, ambapo ardhi ilikuwa imefunikwa kwa zulia fupi, na ndani ya zulia lile kulikuwa bado na ukijani. Hapo ndipo mahame ya babu. Pale palikuwa zizi lake mpaka mwaka 1974, watu walipohamishwa kwenda kukaa katika vijiji. Uzio wa minyaa umekatwa siku nyingi. Nyumba haipo, hata jiwe la jiko halipo. Uliobaki ni ukoka.

Ukoka unapenda mahali palipolala ng'ombe. Samadi ya miaka mingi inaacha rutuba ambayo haiishi upesi, na majani haya yanaifuata kama nzi wanavyofuata maziwa. Mahali pengi katika Afrika ya Mashariki, ukiona duara la ukoka porini, pasipo nyumba wala mtu, uliza wazee: utaambiwa palikuwa na zizi. Pia huota juu ya vichuguu, kando ya mito, na katika njia za mifugo.

Nikapiga magoti. Mdogo wangu akasimama na jembe lake begani, akinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nami nikamwonyesha, kama ninavyowaonyesha ninyi. Mkiweza, nendeni nje mkachume ukoka wenu, maana haukosekani hata uani kwa kanisa.

Jani lake ni fupi na jembamba, mara nyingi halifiki urefu wa kidole, rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Mahali jani linapoachana na ala yake iliyokumbatia shina, pana mstari wa vinyweleo vidogo vyeupe. Mwenye macho mazuri ataviona. Suke lake linasimama juu ya kijiti chembamba, nalo limegawanyika vidole vitatu mpaka saba, vyote vikitokea mahali pamoja kama vidole vya mkono. Kwenye kila kidole, upande mmoja tu, zimepangwa punje ndogo kwa safu mbili, kila moja milimita mbili au tatu.

Jina lake la kitaalamu ni Cynodon dactylon. Paroko wetu, aliyesoma Kigiriki seminarini, aliniambia kuwa neno la kwanza ni "jino la mbwa" na la pili linatokana na "kidole." Kidole ni la suke. Jino la mbwa nitawaonyesha sasa hivi. Bwana Linnaeus wa Uswidi ndiye aliyeliandika kwanza, mwaka 1753, akiliweka katika ukoo mwingine. Mwaka 1805 Persoon akalihamishia katika ukoo liliomo sasa.

Msiuchanganye ukoka na yale majani mengine yenye vidole yanayoota njiani, ambayo mtoto akiyavuta kwa nguvu anaanguka yeye. Yale huota kwa fungu moja, shina lake limebanwa bapa, hayatambai, na huisha mvua zikiisha. Ukoka haufi kwa kiangazi. Ni mmea wa kudumu.

"Sasa lete jembe," nikamwambia mdogo wangu.

Juu ya ardhi ukoka una shina linalotambaa. Linakwenda kama kamba, na kila penye kifundo linatoa mizizi kwenda chini na majani kwenda juu. Ukikata kamba hiyo kati ya vifundo viwili hukuua kitu. Umefanya mmea mmoja kuwa miwili. Hayo mdogo wangu aliyajua, kila mkulima anayajua. Lakini tulipochimba kwa kina cha shubiri moja tukakuta shina la pili. Hili halina kijani. Ni jeupe, nene kama waya wa uzio, limevaa magamba, na ncha yake ni kali na ngumu. Hilo ndilo jino la mbwa. Wengi huliita mzizi, lakini si mzizi: mzizi hauna vifundo wala magamba, na hili linavyo vyote viwili, na kwenye kila kifundo lina jicho, tayari kuchipua. Humo ndimo mmea unamoweka akiba yake ya chakula. Sehemu kubwa ya mashina haya hukaa katika ile shubiri ya juu, mengine hushuka zaidi hasa penye mchanga. Mizizi yenyewe, ile myembamba kama uzi, inaweza kushuka zaidi ya mita moja kutafuta maji.

Tukavuta kipande kimoja kirefu kama mkono wangu. Nikamwambia ahesabu macho. Akahesabu kumi na tisa.

"Jumatatu trekta ikipita hapa na visahani vyake," nikamwuliza, "kipande hiki kitakuwa vipande vingapi?"

Akanyamaza.

Wasomaji, hapa ndipo palipo kiini cha maneno yangu. Katika ngitili ile kuna nyasi za kudumu za namna mbili, na trekta haizitendei sawa. Zile ndefu zinaota kwa mafungu. Uhai wao umo katika kile kitako kilichoshikana, kwenye macho yaliyo pale chini usawa wa ardhi. Ng'ombe akila juu, kitako kinachipua tena, mradi asile mpaka kwenye ardhi kila siku. Lakini ukikigeuza kwa jembe, mizizi ikatazama jua, zimekufa. Kwa wengi wa jamaa hizi, kama zile nyasi nyekundu ziitwazo Themeda triandra zinazofunika sehemu kubwa za Serengeti, kurudi ni kazi ya miaka mingi, na pengine hazirudi kabisa. Ukoka ni kinyume chake. Ukiukata unaongezeka. Mwenye kulima ngitili ya namna hii wakati wa mvua anaua nyasi alizozihitaji kiangazi, na anaupanda ukoka katika pamba yake yote kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa kulipia mafuta.

Mimi nilijifunza mambo haya chuo cha ualimu, katika somo la kilimo, na kusema kweli wakati ule nilikuwa nasoma ili nifaulu mtihani tu. Mwalimu alichora ubaoni, sisi tukanakili, basi.

Mdogo wangu si mjinga, naye alikuwa na majibu. Akasema, "Kaka, wewe una mshahara mwisho wa mwezi. Mimi binti yangu amechaguliwa chuo cha uuguzi. Nyasi zitamlipia?" Neno lile lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Pamba ndiyo fedha ya mkoa wetu. Hakuna mkoa katika Tanzania unaotoa pamba nyingi kupita Simiyu. Siwezi kumwambia mtu aache pamba atazame majani. Akaendelea, "Tena ukoka nitaupiga dawa." Zipo dawa zinazoua ukoka, sikatai. Lakini zinataka majani yawe mabichi na yanakua ndipo ziingie mpaka kwenye lile shina la chini, na mara nyingi kupiga mara moja hakutoshi. Mwenye kukopa fedha ya trekta atakopa na ya dawa?

Ndipo nikamweleza mambo mawili ambayo ukoka unayaogopa, na yote mawili hayanunuliwi dukani. La kwanza ni jua kali. Lile shina jeupe likitolewa nje kiangazi, likapigwa na jua siku kadhaa bila unyevu, hukauka na kufa. Kwa hiyo shamba lenye ukoka hulimwa kiangazi, si mvua zilipokwisha kunyesha, na mashina hukusanywa kwa reki na kutupwa juani. La pili ni kivuli. Ukoka ni mtoto wa jua. Ukifunikwa na mazao yanayotanda, kama viazi vitamu au kunde, unadhoofika.

Wakati tunazungumza, ng'ombe wakaja. Wakapita kwenye visiki vya nyasi ndefu, wakaenda moja kwa moja kwenye duara la mahame. Ukoka ni mfupi, lakini una faida yake: macho yake yamelala chini ya pua ya ng'ombe, hawezi kuyafikia, na umande kidogo tu unatosha kuyaamsha. Huko mashariki yetu, Serengeti, ukoka ni mmoja wa nyasi za yale majani mafupi yanayoliwa na nyumbu. Mmarekani mmoja, Samuel McNaughton, aliyechunguza nyasi za huko katika miaka ya 1970, aliona kuwa mahali nyumbu walipokula na kupita, nyasi zilichipua upya, na baadaye swala wakafuata machipukizi yale. Hata hao Wamarekani wenyewe wanauthamini. Wanauita nyasi za Bermuda, kwa jina la kisiwa, ingawa si wa kisiwa hicho. Mwaka 1943, huko Tifton katika jimbo la Georgia, Glenn Burton alitoa aina mpya ya malisho iitwayo Coastal, aliyoipata kwa kuuzalisha ukoka wa kwao na ukoka uliotoka Afrika Kusini. Na India, Wahindu huupeleka mbele ya mungu wao Ganesh katika ibada zao. Kwetu unachezewa mpira, na hakuna anayeujali.

Mchana tukarudi kwa mama. Alikuwa amepika ugali na mlenda. Tulikula kwanza. Kisha akasema maneno machache, sijayasahau: "Mwaka ule wa ukame tulikuwa na ng'ombe kumi na tisa. Wakabaki saba. Wale saba walikula wapi?" Hakungoja jibu, akaondoa vyombo.

Hatukuamua siku ile. Mdogo wangu akasema hayo ya macho na jua atayaamini akiyaona. Basi tukachukua vipande viwili vya lile shina jeupe, kila kimoja na macho matatu. Kimoja tukakiweka juu ya bati la jiko la mama. Cha pili tukakifukia katika kopo la udongo, mama akakabidhiwa kulimwagilia jioni. Trekta ya Jumatatu ikaahirishwa. Mwenye trekta alikasirika, na haki yake, maana alikuwa amewakataa wengine.

Siku ya tisa nikapigiwa simu. Kopo lilikuwa limetoa chipukizi mbili, kali kama sindano. Kipande cha batini kilikuwa kama njiti ya kiberiti. Mama, ambaye hapendi kazi nusu nusu, alikuwa amekifukia nacho na kukimwagilia siku kadhaa, hakikutoa kitu.

Tulivyofanya ni hivi. Eka moja ya juu, kwenye luseni, ambako nyasi zilikuwa zimekwisha isha, imelimwa kwa ng'ombe mapema, kabla mvua hazijashika, na watoto waliokota kila kipande cha ukoka walichokiona. Humo imo pamba. Eka tatu za chini pamoja na mahame ya babu zimefungwa mwezi wa Desemba kama kawaida. Pamba ya eka moja haiwezi kulipa chuo, hilo tulilijua. Mdogo wangu ameuza dume lake kubwa mnadani, mimi nimetoa sehemu yangu, na binti ameanza masomo. Dume lile alilipenda sana. Kwa siku kadhaa hakupokea simu zangu.

Mara ya mwisho nilipokwenda, kopo halikuwapo tena dirishani. Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, na kila masika mvua ilikuwa ikikwangua udongo wake mpaka mawe yakaonekana upande mmoja. Mama alikuwa amevunja ule ukoka vipande vipande, akavipanda kwa mistari juu ya kaburi zima, kama mtu apandavyo viazi. Upande wa juu ulikuwa umekwisha shikana. Upande wa chini bado kulikuwa na nafasi za kiganja, na mdogo wangu alikuwa hapo na ndoo, anaongeza mingine kutoka kwenye mahame.